Mlango wa Banda la Gari Umegoma

Nyumbani, 4 Februari

Kwa Kitindamimba, fundi wa milango ya watu,

Pokea salamu za Baba, zangu, na za cherehani yangu inayokusalimu kwa kelele, maana haijaonja mafuta tangu ulipoondoka na kopo langu. Sisi wazima. Baba miguu inamsumbua kidogo asubuhi, lakini mdomo haujapata hata mafua. Wifi yangu hajambo? Tumesikia mtoto ameota meno mawili. Baba anauliza kama atayaona kabla hayajang'oka. Mimi naandika tu ninachoambiwa.

Naandika ninachoambiwa kweli, kwa sababu amesimama nyuma ya kiti changu na miwani yake puani. Sheria ya nyumba hii hujaisahau: barua inayotoka anaisoma kabla haijafungwa, inayoingia anaifungua yeye na kuisoma mezani kwa sauti, hata iwe bili ya maji. Simu haitaki. Anasema kwenye simu wewe mtandao hukukatikia kila swali linapokuwa gumu.

Sasa jambo lenyewe. Ule mlango wa umeme uliotuwekea kwenye banda la gari, ule ulioapa utadumu kuliko nyumba, umegoma. Baba akibonyeza rimoti, kimya. Akiingia kwa mlango mdogo wa nyuma na kubonyeza kitufe cha ukutani, kimya. Gari liko ndani, Baba yuko nje. Mtu aliyefundisha udereva nusu ya mji huu, hadi watu wakamwita Mwalimu Breki, sasa anafuata mkate kwa miguu, na wanafunzi wake wanampita wakimpigia honi za heshima. Anasema honi hizo zinamuumiza kuliko miguu.

Anataka umwandikie haraka, hatua kwa hatua, na usiandike kama unawaandikia wahandisi. Mimi kwa upande wangu nasema usijiumize, kazi za watu kwanza.

Dada yako, karani wa kulazimishwa


Huku kwangu, 27 Februari

Dada Mkubwa, na Baba mwenye kusoma,

Shikamoo Baba. Shikamoo Dada. Sisi hatujambo. Meno sasa ni manne na yote ameyajaribu kwenye kidole changu. Wifi yako anashukuru kwa gauni la mtoto. Limemkaa vizuri, ingawa vifungo ulivyoweka vingetosha koti la jenerali.

Kuhusu mlango, kwanza poleni. Pili, nilijua. Wiki jana daktari mmoja aliniita, mlango wake umekufa. Nikakatiza mji mzima na ngazi begani, kumbe betri ya rimoti kaiweka kichwa chini miguu juu. Nikamwambia ni hitilafu kubwa ya mfumo. Yeye huniambia hivyo hivyo nikimpelekea kikohozi.

Kwa hiyo, Dada, najua wewe na umeme hamjawahi kupatana, lakini tulia unisikilize. Badilisha betri ya rimoti. Kisha tazama kile kitufe cha ukutani: chini yake kuna kingine kidogo chenye alama ya kufuli, mtu akikigusa kwa bahati mbaya rimoti zote zinakuwa mapambo. Halafu kuna macho mawili karibu na sakafu, upande huu na upande ule wa mlango. Yafute utando wa buibui, na uondoe ndoo, ufagio, na chochote ulichokiegemeza hapo kwa muda tangu mwaka juzi. Macho yakiona kitu, mlango haushuki. Wewe mwenyewe hushuki ngazi ukimwona mende.

Na yote yakishindikana, Baba, juu kwenye reli inaning'inia kamba nyekundu. Ivute. Mashine itauachia mlango, nawe utaunyanyua kwa mkono mmoja, mwepesi kama kifuniko cha sufuria. Utatoka na gari siku hiyo hiyo.

Fundi wenu


Dukani, 18 Machi

Kitinda,

Hii naiandikia dukani, juu ya meza ya kukatia, katikati ya marundo ya sare za shule. Baba hajaisoma, na posta naipeleka mwenyewe. Sisi wazima, wewe mzima, salamu zimeisha.

Hongera kwa kamba nyekundu. Baba alisoma sentensi hiyo mezani mara mbili, ya pili akiwa amesimama na funguo mkononi. Nikamsihi amalize chai kwanza. Alipokuwa akimalizia, mimi nilikuwa bandani juu ya pipa, na mkasi wa kukatia suti, nikaifyeka kamba yako hadi kwenye shina. Baadaye nikasema ni panya. Ameniamini. Sasa anaamini tunaishi na panya wanaotembea darini, wanaokula kamba za nailoni na kuuacha mkate mezani.

Mlango hauumwi, ewe bingwa. Mlango nimeuua mimi. Ile plagi ya mashine ina fyuzi ndani. Niliifungua kwa bisibisi ya cherehani, nikatoa fyuzi, nikaifunga na kuichomeka tena. Ukiitazama huoni kasoro. Fyuzi iko hapa mbele yangu kwenye kopo la vifungo. Mimi na umeme tunapatana kuliko unavyodhani.

Sasa nikwambie kwa nini. Mwezi wa kwanza Baba alipanda na gari kwenye baraza la duka la mikate. Lile benchi wanalokalia watu wakingoja mkate lilisagika. Lilikuwa tupu kwa sababu mkate ulikuwa ndio umetoka na wote wameinuka kuukimbilia. Baba akashuka, akalitazama, akamwambia mwenye duka kwamba benchi limeegeshwa vibaya. Mwenye duka ni mwanafunzi wake, basi akaomba radhi. Wiki iliyofuata tuliingia kwenye ule mzunguko wa barabara kuu na Baba hakujua atokee wapi. Akazunguka, akazunguka. Askari wa pale naye ni mwanafunzi wake. Alidhani Mwalimu anaonyesha mfano wa kuzunguka, akawa anampigia saluti kila tukimpita. Mimi nilikuwa kiti cha pembeni nimeshika mlango kwa mikono miwili. Baba alikuwa anatokwa jasho, na hakunitazama.

Daktari wa macho alimwambia, akabadilisha daktari. Mimi nilimwambia, akaniomba nimwonyeshe leseni yangu, na unajua vizuri nani aliyenifelisha hadi nikakata tamaa. Funguo anazivaa shingoni, analala nazo.

Watoto wa shule wanapita mbele ya banda hilo kila siku, asubuhi na jioni. Naogopa, Kitinda. Sare hizi ninazozishona najua zitavaliwa na nani na zitapita wapi.

Baba anakusikiliza wewe. Wewe ndiye mwanawe fundi, ambaye jina lako linatajwa hapa kuliko jina la Mungu. Njoo umwambie kwamba basi. Wiki moja tu inatosha. Jibu lako atalisoma yeye mezani, kwa hiyo andika habari za mlango peke yake, useme siku unayokuja kuutengeneza. Nitaelewa.

Mimi, panya wako


Huku kwangu, 10 Aprili

Dada Mkubwa, na Baba mwenye kusoma,

Shikamooni. Tunaendelea vizuri. Mtoto ameanza kusimama kwa kushika meza, kisha anashangaa atashukaje. Mvua imetuzidia na kazi zimekuwa nyingi, maana maji yakiingia kwenye mota za watu ndipo wanakumbuka kuwa mafundi nao ni binadamu.

Nimesoma habari za mlango kwa makini sana, Dada. Nimekuelewa vizuri. Kwa dalili hizo, Baba, sisi mafundi ugonjwa huu tunauita uchovu wa cheni. Mara nyingi hupata mashine zilizofanya kazi kwa bidii katika nyumba za watu wenye bidii. Dawa yake ni mapumziko. Mwezi mzima asiiguse mtu. Baada ya hapo, cheni ifutwe kwa kitambaa kikavu, pingili moja baada ya nyingine, taratibu, bila mafuta. Ikishafutwa, ipumzike tena mwezi mwingine, kwa sababu kufutwa nako kunachosha. Wasiojua hukimbilia kuvuta na kulazimisha, kisha wanaua mashine nzuri.

Kuhusu kuja, ningefika kesho ingekuwa hiari yangu. Ila kazi imenibana, na mkubwa wangu wa kazi hana utani na ruhusa. Labda mwisho wa mwaka, labda mwanzo wa mwingine. Lakini penye wazee haliharibiki neno, na mgonjwa yuko mikononi mwenu.

Wifi yako anawasalimu.

Fundi wenu


Dukani, 3 Mei

Kitinda,

Wazima. Nusura nisiandike hivyo.

Nashukuru kwa uchovu wa cheni. Baba ameupenda sana ugonjwa huo. Amewaeleza majirani, na mmoja ameanza kuhofia kwamba baiskeli yake imeambukizwa. Ila kuna jambo ulilisahau, wewe mwenye akili za kupiga chenga: cheni ile iko juu. Mwezi wenyewe wa mapumziko hakuungoja. Uliposema pingili moja baada ya nyingine, yeye alielewa kwamba ni mtihani, na katika mtihani huwa hachelewi.

Juzi nimetoka dukani nikamkuta juu ya ngazi. Amevaa koti lake la kufundishia, kitambaa begani, karatasi yako ameibana kwa meno, mguu mmoja kwenye ngazi na mwingine juu ya rafu ya makopo ya rangi. Nilipomwita aligeuka. Ngazi ikaenda njia yake. Alibaki ananing'inia kwenye reli hadi nikamshika miguu. Kifundo cha mkono kimevimba na hawezi kukata mkate. Alipokaa chini kitu cha kwanza alichosema ni kwamba nisikwandikie, usije ukajilaumu.

Nimehangaika asifie barabarani, wewe ukampandisha darini. Hongera fundi.

Wewe na mimi tumekuwa tunampaka Baba mafuta kwa mgongo wa chupa, tofauti ni kwamba mimi namwona anavyong'aa. Kazi imekubana? Mkubwa wako hana utani? Sawa. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini yako naona imeamua kumpiga mzee. Nikwambie ninavyodhani. Wewe hujawahi kumwambia Baba hapana, hata moja, tangu uzaliwe. Ulipotaka kuondoka hapa uliniachia mimi nikamwambie, wewe ukaenda kuaga marafiki. Unataka ubaki mtoto mzuri, na kumfunga paka kengele iwe kazi ya dada, kama kufua.

Mimi naogopa ataua mtoto wa mtu. Wewe unaogopa atakununia. Tupime basi hofu ipi ina uzito.

Amesema mwezi wa sita ukiisha mlango haujapona, ataita mtu wa kuchomelea aukate. Na atamwita, unamjua. Barua zako za kupumzisha mashine usilete tena.

Dada yako


Huku kwangu, 25 Mei

Dada,

Shikamoo. Wifi yako na mtoto wazima. Leo sina vichekesho, na nikiona kimoja kinakuja nitakifuta.

Baba, najua ni wewe unayesoma. Shikamoo. Naomba usome hadi mwisho, kwa sauti, kama kawaida yako, na Dada asiinuke mezani.

Mlango ni mzima. Uchovu wa cheni haupo duniani, niliutunga kwenye meza yangu ya kulia na nikajiona hodari. Fyuzi ya plagi aliitoa Dada. Kamba aliikata Dada, panya hawana kosa. Nimejua hayo tangu mwezi wa nne. Alifanya hivyo kwa sababu alikuwa nawe kwenye gari pale mzungukoni, na kwa sababu ya benchi la duka la mikate, na kwa sababu ya watoto wanaopita. Alikuwa ameniomba nije nikwambie. Sikuja.

Mkubwa wangu wa kazi nimemsingizia. Ruhusa alinipa siku ile ile niliyoomba, na akaniuliza mzee anaendeleaje. Karatasi ya ruhusa nimeiweka mfukoni hadi imechanika kwenye mikunjo. Nimetengeneza milango ya watu nisiowajua hata majina, nikawaeleza ubovu wao bila aibu, wengine wakubwa kuliko wewe. Uso wako ndio nimeshindwa kuutazama nikiwa na neno hili mdomoni.

Neno lenyewe ni hili. Baba, usiendeshe gari tena.

Nimeliandika mara nyingi na kila mara nililizungushia maneno laini hadi halionekani. Leo nimeliacha peke yake. Macho yako hayatoshi tena, na njia zinakupotea. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba dereva asiyeona vizuri hana haki ya kuwa barabarani hata akiwa nani. Ulilisema hilo mbele yangu kwa mkubwa wa kituo cha polisi, akashuka kwenye gari.

Ukikasirika, nikasirikie mimi. Dada mwache, yeye amekaa nawe.

Mwanao


Nyumbani, 16 Juni

Kitinda,

Salamu kutoka kwa Baba na kwangu. Mkono wake umepona, mkate anakata mwenyewe, vipande vinene kama matofali. Wifi yangu ambusu mtoto kwa niaba yetu. Barua hii Baba ameisoma kabla sijaifunga. Amesahihisha tarehe.

Yako ilifika Jumatano. Aliifungua kwa kisu cha siagi, akaweka miwani, akaanza na sauti yake ile ya darasani. Mimi nilijua tangu mstari wa pili, nikainuka nijifanye naona sufuria inafurika. Akasoma pale uliposema nisiinuke, akanitazama juu ya miwani, nikakaa. Umekuwa hodari ghafla, na sikukuzoea.

Alisoma yote. Hakuruka neno. Ya fyuzi aliisoma, ya panya aliisoma, na lile neno ulilolikalisha peke yake alilisoma kwa sauti ile ile, halafu akasimama kidogo, kama anavyosimama mtu kwenye nukta. Akaendelea hadi "mwanao". Akaikunja barua, akaifungua, akaikunja tena kwa mkunjo wake wa kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kwa ghadhabu. Nilikuwa hata na majibu. Hakupandisha sauti.

Alisema: "Mimi mtu akifeli nilikuwa namwambia tukiwa tumekaa ndani ya gari, yeye hapa, mimi pale. Nilimngoja alie amalize. Sikuwahi kumfelisha mtu kwa posta."

Mimi nililia, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kufanya kazi hiyo. Hakunigombeza kwa kamba wala kwa fyuzi. Aliniuliza tu kama kweli nilipanda juu ya lile pipa bovu, akatikisa kichwa kwamba ningeanguka. Kisha akaniomba fyuzi. Nikafikiri, basi, yote yamekuwa bure, kesho atatoka na gari kwa hasira tu. Nilimpa. Ningefanyaje? Ilikuwa fyuzi yake. Akanishikia ngazi, mimi nikapanda nikairudisha. Akabonyeza rimoti na mlango wako ukapanda mpaka juu bila hata kukohoa. Hauna ugonjwa wowote, fundi, pokea sifa zako.

Asubuhi iliyofuata alivaa koti la kufundishia na viatu vya kamba. Akafungua banda, akaingia kwenye gari, akarekebisha kioo, akafunga mkanda, akaweka mikono kwenye usukani. Nilisimama katikati ya mlango. Nilikuwa nimeamua anipitie mimi kwanza kabla hajamfikia mtoto wa mtu. Watoto wa shule walikuwa wanapita nyuma yangu wakimwamkia. Akawa anaitikia mmoja mmoja, na gari halikuwashwa.

Baada ya muda nikamwendea, nikamuuliza anangoja nini. Akasema hajawahi kuona mtu anafelishwa bila kupewa mtihani, na mtahini hajafika. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu sikuvumilia, nikafungua mlango wa pembeni nikakaa naye. Alikuwa mpole sana. Akaniambia, "Mwanangu, shuka. Kiti hicho kina mwenyewe."

Anasema atatii atakaloambiwa na mtahini. Ukimwambia hapo hapo kitini kwamba amefeli, atakukabidhi funguo. Shingoni amekwisha zitoa, zimewekwa juu ya kiti chako. Gari halitembei na mtaa uko salama, kwa hiyo ile hofu yangu unaweza kuitoa kwenye mizani. Imebaki yako.

Mlango anauacha wazi kuanzia saa mbili asubuhi. Anakuwa ameshafunga mkanda.

Dada yako